Gari la pili lenye raha: anza na siti ya nyuma

Jumamosi moja mimi na baba watoto tuliingia kwenye yadi ya magari kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, yeye amembeba mdogo wetu, mimi nimebeba kiti chake cha gari. Kijana wa yadi akatupokea kwa heshima, kisha akauliza: "Mama, hicho kiti cha nini tena?" Nilikuwa nimekwisha kukipenda kijigari chekundu cha milango mitano kilichokuwa kimeegeshwa pembeni, cha aina niliyoitamani tangu nikiwa chuoni. Nikamwomba afungue mlango wa nyuma, nikafunga kiti. Kiliingia, ila ilibidi siti ya mbele isogezwe hadi magoti ya baba watoto yakagusa dashibodi. Mwendo wa dakika tano angeuvumilia. Saa nzima kwenye foleni ya Mwenge, hapana. Tukashukuru, tukaondoka.

Siku ile nilielewa kwa nini swali la gari la pili, lenye raha kwa dereva na nafasi kwa watoto, huwachanganya wazazi wengi. Tunaulizana "gari gani zuri?" kana kwamba ni swali moja, kumbe ndani yake yamejificha maswali matano yanayovutana: gari linampa dereva furaha gani, watoto watakaa vipi, barabara zetu zitalifanya nini, ushuru ni kiasi gani, na likiharibika nani atalitengeneza. Ukianza na la furaha, unaishia kwenye gari linalouzwa baada ya miezi sita. Ukianza na la bei, unapata gari ambalo hulipendi, nalo gari usilolipenda hulitunzi. Mimi nashauri uanze nyuma, walipo watoto, uje mbele.

Kwanza kazi yenyewe. Familia nyingi zenye gari la pili tayari zina kubwa la kwanza: Noah, Prado au Alphard. Hilo ndilo linalobeba bibi, magunia na masanduku kwenda Moshi mwezi wa Desemba. La pili linapeleka watoto shule, linakwenda kazini, linapita sokoni, na usiku wa manane homa ikipanda ndilo linalowashwa. Kwa kuwa mizigo mikubwa ina mwenyewe, la pili lina uhuru wa kuwa dogo na jepesi. Kununua la pili linalofanana na la kwanza ni kulipa mara mbili kwa kazi moja.

Uhuru huo una mpaka wake. Siku la kwanza likilala gereji, la pili lazima liwabebe wote, kila mtoto kwenye kiti chake. Kigezo hiki kinaondoa magari mengi yanayovutia macho. Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ zina siti za nyuma kwa jina tu. Suzuki Jimny ya milango mitatu, ninayoipenda kwa dhati, inabeba watu wanne pekee, na siti za nyuma zikiwa zimesimama buti lake ni lita 85; kigari cha kusukumia mtoto hakiingii humo. Gari lolote la milango miwili ya abiria nalo liache lipite. Kumfunga mtoto wa miaka miwili aliyelala, ukiwa umeinama kupitia mlango wa mbele, mvua ya masika inakunyeshea mgongoni, ni kazi ya kila siku na wala si ya siku moja moja.

Sasa siti ya nyuma yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokosea.

Magari yetu mengi yanatoka Japani, na Japani ina daraja la kisheria la magari madogo: upana usizidi sentimita 170, urefu usizidi sentimita 470, injini ya petroli isizidi cc 2000. Ndiyo maana Corolla Fielder, Allion, Fit na ndugu zao wengi wana upana wa sentimita 169 na nusu. Wamebanwa na sheria ya kwao. Kiti cha mtoto cha viwango vya sasa kinaruhusiwa kufika sentimita 44 kwa upana. Vitatu kwa pamoja ni sentimita 132. Toa unene wa milango miwili kwenye zile 169 na nusu, na utaona kwamba viti vitatu kwenye siti moja ni ndoto, ila kama utatafuta viti vyembamba kwa makusudi. Mwenye watoto wawili yuko salama. Mwenye watatu wadogo, au mwenye wawili na dada wa kazi anayekaa katikati yao, atembee na futikamba.

Kisha angalia kama gari lina ISOFIX. Ni vyuma viwili vidogo vilivyojificha kwenye ufa kati ya egemeo na kalio la siti, ambavyo kiti cha mtoto hujishikiza bila kutumia mkanda. Ingiza vidole uvitafute, au tafuta kitambulisho kidogo kilichoshonwa hapo. Japani iliifanya kuwa lazima kwenye magari mapya ya abiria kuanzia Julai 2012. Ya kabla ya hapo mengine yanavyo, mengine hayana. Kukosa vyuma hivyo si sababu ya kuliacha gari. Kiti kilichofungwa vizuri kwa mkanda kinamlinda mtoto. Kinachotakiwa ni kukaza. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise: kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, bado hujafunga. Faida ya ISOFIX ni kwamba inapunguza makosa ya asubuhi, watu wakiwa na haraka.

Mtoto mchanga hukaa ameangalia nyuma, na kiwango cha viti vya watoto cha R129, kinachotumika Ulaya, kinataka akae hivyo angalau hadi miezi 15. Kiti kinachoangalia nyuma ndicho kinachokula nafasi, ndicho kilichomkunja baba watoto siku ile. Kwa hiyo pima kwa kiti hicho, hata kama mtoto wako wa sasa amekwisha kukivuka, maana mdogo wake anaweza kuja. Na kamwe usikifunge kiti cha namna hiyo mbele penye mfuko wa hewa, pale palipoandikwa SRS kwenye dashibodi. Mfuko ukifumuka unakipiga kiti mgongoni, na kichwa cha mtoto kiko hapo hapo.

Jambo jingine sijaliona likizungumzwa. Magari ya kimichezo mara nyingi yana madirisha membamba ya nyuma, kingo za milango zilizo juu, na siti za mbele zenye mabega mapana. Mtu mzima akiyaona anasema yamependeza. Mtoto aliyekaa chini nyuma yake anaona mgongo wa siti tu, haoni barabara. Tumbo linahisi kona ambazo jicho halizioni, ndipo kichefuchefu kinapoanza. Ukiwa na mtoto anayetapika safarini, keti pale nyuma wewe mwenyewe, ushushe kichwa hadi usawa wake, utazame nje. Na kama siti ni za ngozi nyeusi, kumbuka jua la Dar la saa nane na mapaja ya mtoto aliyevaa kaptura. Mimi nachagua kitambaa.

Baada ya hayo, ndipo tuje kwa dereva.

Raha ya gari watu wengi huipima kwa nguvu farasi. Katika maeneo ya makazi Tanzania mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na nyakati za shule hata hiyo hamsini haipatikani. Gari la nguvu farasi 280 kwenye mwendo huo halifanyi lolote ambalo la 120 lisingefanya. Linakunywa tu mafuta zaidi likisubiri. Raha inayopatikana kila siku iko kwingine: kwenye uzito mdogo, usukani unaokueleza matairi yanakanyaga nini, gia zinazoingia kwa mkono mwepesi, breki zinazojibu palepale. Gari jepesi linakupa hayo ukiwa kilomita 40 kwa saa unazunguka mzunguko. Suzuki Swift Sport iliyotoka mwaka 2017 ina uzito wa kilo 970 ikiwa na gia za mkono. Hapo ndipo tabasamu linapotoka.

Ukanda wetu una ushahidi wa hili. Mwaka 1993, kwenye Safari Rally nchini Kenya, Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio, kijigari cha cc 660, kwenye mashindano yaliyokuwa yakisifika kwa kuvunja magari makubwa. Alimaliza, na akashinda kundi lake. Nikimwona mtu anadharau gari kwa sababu ya injini ndogo, huwa namkumbuka Njiru.

Wepesi huo, hata hivyo, hukutana na matuta. Magari ya kimichezo yako chini kwa sababu kadiri yanavyokaribia ardhi ndivyo yanavyotulia kwenye kona. Swift Sport niliyoitaja iko takriban sentimita 12 kutoka ardhini, na Subaru Levorg iko kama 13. Forester ya kati ya 2012 na 2018 iko 22. Tofauti ya sentimita tisa au kumi ndiyo inayoamua kama mvua ikinyesha utafika nyumbani au utaliacha gari kwa jirani wa barabara ya lami. Kipimo changu ni chepesi: kilomita ya mwisho. Usihesabu lami ya Bagamoyo au Morogoro. Hesabu kile kipande kutoka lami hadi geti lako, na kile cha kuingilia shule. Kama vipande hivyo ni vya mchanga, makorongo na matuta yaliyotengenezwa na majirani kwa udongo, chagua gari lililoinuka. Na pima ukiwa na watu ndani, kwa sababu familia nzima ikipanda, gari linashuka.

Matairi nayo yana la kusema. Rimu kubwa yenye tairi la ubavu mfupi hupendeza, lakini mpira unaotakiwa kunyonya shimo unakuwa haupo, na pigo linakwenda moja kwa moja kwenye rimu, shokapu na bushi. Ukipata gari unalolipenda lenye rimu za inchi 18, uliza kama zile za 16 zinaingia bila kugusa breki. Mara nyingi zinaingia, na gari linalainika hadi mtoto analala.

Tuje kwenye ushuru, maana hapa imani za mitaani zinapotosha. Husemwa kwamba injini kubwa ndiyo inayopandisha kodi. Chukua gari ambalo TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, imelithamini kwa shilingi milioni 10, gharama za kulifikisha bandarini zikiwemo. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1001 hadi 2000 ni asilimia 5 ya thamani na ushuru huo kwa pamoja, milioni 12.5, yaani 625,000. Kama gari limezidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 ya hiyo hiyo milioni 12.5, ambao hapa ni 3,750,000. Juu ya yote hayo inakaa VAT ya asilimia 18. Jumla ni kama milioni 9.9, kabla ya tozo ndogondogo. Yaani unalinunua gari mara mbili. Sasa badilisha injini tu, iwe zaidi ya cc 2000, ushuru wa bidhaa uwe asilimia 10: jumla inapanda hadi kama milioni 10.65. Badala yake rudisha injini ndogo, lakini gari liwe na chini ya miaka 8, uchakavu uondoke: jumla inashuka hadi milioni 5.5 hivi. Umri unauma kuliko injini. Gari jipya zaidi litathaminiwa juu, hivyo akiba haibaki yote, lakini usiagize la miaka 11 kabla hujaliweka lenyewe na ndugu yake wa miaka 7 kwenye kikokotoo cha TRA na kuyalinganisha. Ndugu zetu wa Kenya hawana chaguo hilo: huko gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii, na anayetaka la zamani hununua lililokwisha kuwa nchini.

Turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili iongeze nguvu, ni habari nyingine. Injini ya turbo inataka oili nzuri iliyobadilishwa kwa wakati, na nyingi zinataka petroli ya daraja la juu. Japani ina aina mbili za petroli: ya kawaida huanzia oktani 89, ya juu huanzia 96 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili kulipuka kabla ya wakati). Fungua kifuniko cha tangi usome karatasi iliyobandikwa, au mwombe anayejua Kijapani akusomee. Levorg ya injini ya 1600 ina turbo lakini imetengenezwa kwa petroli ya kawaida, na hilo ni jambo la kuisifu. Forester XT, ile yenye turbo, inataka ya juu.

Kwa hiyo lipi? Nitasema maoni yangu waziwazi. Mwenye kilomita ya mwisho mbaya, na mfuko unaoruhusu mafuta, atafute Forester XT ya 2013 kwenda juu: imeinuka, ina magurudumu manne yanayovuta, nguvu farasi 280 kwa siku za barabara kuu, na madirisha makubwa ambayo watoto wanaonea nje. Sioni gari jingine linalounganisha mambo hayo kwa namna hiyo. Mwenye lami hadi getini na anayehitaji buti kubwa, Levorg ya 1600 inatosha kabisa. Volkswagen Golf GTI ni gari lenye raha ya kweli na siti ya nyuma ya kiutu, lakini kabla ya kuinunua mtafute fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake na anayejua kubadilisha oili ya gia. Ile gia yake ya DSG, otomatiki ya klachi mbili zinazoogelea kwenye oili, inataka oili mpya kila kilomita 60,000. Usipompata fundi huyo mjini kwako, iache. Mark X, ambayo imejaa Dar na Nairobi, inamfurahisha dereva kwa kuwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ila shafti yake inapita katikati na kuacha tuta sakafuni pale anapokaa mtoto wa kati. Toyota Runx Z ya nguvu farasi 190 nilikuwa naiota sana. Leo zilizobaki ni za kati ya 2001 na 2006, na nyingi zimepita kwa vijana wengi.

Hilo la vijana lichukulieni kwa uzito. Gari la raha lililotumika lina hatari ambayo Fielder ya mwalimu mstaafu haina: limeendeshwa kwa raha. Kama limeshushwa, ekzosi imebadilishwa, kichujio cha hewa kimetolewa, mimi naondoka bila kuuliza bei. Kwa kuagiza Japani, omba karatasi ya mnada. Alama 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inavumilika, na herufi R maana yake liliwahi kugongwa likarekebishwa. Kuna pia herufi za ndani ya gari, A hadi D. Kwa mtu mwenye watoto C inatosha, kwa sababu mwaka mmoja wa biskuti na maziwa utaifikisha A hapo hapo.

Siku ya kulijaribu, nenda na familia yote, viti vyote na kile kigari cha kusukumia. Funga viti mwenyewe, usimwachie muuzaji. Pita juu ya tuta mkiwa mmejaa. Zima redio usikilize shokapu. Kisha washushe, uzunguke mtaa peke yako mara moja, kwa sababu gari hili ni lako pia.

Sisi tuliishia kwenye Honda Fit RS ya mwaka 2011, cc 1500, nguvu farasi 120, gia sita za mkono. Tangi lake la mafuta liko chini ya siti za mbele, hivyo kalio la siti ya nyuma hukunjwa kwenda juu na kuacha nafasi ndefu sakafuni ambamo baiskeli ya mtoto inasimama wima. Viti viwili vimeingia na baba watoto ananyoosha miguu. Uchakavu tuliulipa wote, sikuweza kuukwepa, ila injini ni ya petroli ya kawaida na spea nazipata Kariakoo. Mkubwa wetu ana miaka sita, na toka nyuma huhesabu gia kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ya sita huitaja Jumapili asubuhi tu, tukishapita Bunju kuelekea Bagamoyo.